Soksi za Dada Tak

Kosa wanalofanya wengi wakinunua nguo ni kuipeleka nyumbani ikiwa bado imefungwa. Huihifadhi kabatini kwa heshima zote, na siku wanapoihitaji ndipo wanapogundua kwamba zipu haipandi au mkono mmoja ni mfupi. Kwa miaka thelathini na mmoja, Bi. Tak Gwi-nam amewapokea watu hao kwenye dawati la kurudisha nguo la soko letu hapa Daegu, kando ya ngazi za kaskazini. Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, anastaafu.

Vijana walioajiriwa juzi hawawezi kujua hali ilivyokuwa kabla yake. Mwenye nguo mbovu alikuwa kama mpira. Muuzaji alimtuma kwa fundi, fundi akamtuma kwa mwenye kitambaa, na mwenye kitambaa akamrudisha kwa muuzaji. Kila alipofika alianza kueleza upya, na kila mara sauti yake ilipanda kidogo. Mwishowe tulimwita mkorofi, tukasahau kwamba tulimkorofisha wenyewe.

Dada Tak alitoka vyumba vya kushonea, alikokuwa akishona kola, akapewa dawati ambalo hakuna aliyelitaka. Jambo la kwanza alilobadilisha lilikuwa dogo. Hakumtuma mteja popote; alikwenda naye. Alibeba nguo yeye mwenyewe, akaieleza kasoro yake yeye mwenyewe, na mteja akapata nafasi ya kunyamaza. Ukitaka kujua nafasi hiyo ina thamani gani, muulize mtu aliyewahi kueleza shida moja kwa watu wanne.

Lakini palikuwa na tatizo la asubuhi. Sote hapa tunaamini kwamba mteja wa kwanza ndiye anayeifungua siku. Akinunua, siku ni njema. Akija kurudisha kitu, kuna wenye maduka wanaonyoosha mkono kwenye mkebe wa chumvi, wamrushie kuondoa nuksi. Na mteja wa mbali, basi lake hufika asubuhi. Dada Tak alimketisha, akampa chai ya shayiri, kisha akapanda peke yake hadi kwenye duka lililouza nguo hiyo, akanunua soksi. Siku ikawa imefunguliwa, na mteja akaweza kupanda kwa amani. Bwana Ma wa sweta alimtania kwa miaka mingi.

"Dada, una miguu mingapi wewe?"

"Miwili tu. Ni sweta zako zinazonitembeza kama nina minane."

Hata hivyo, jozi moja ya soksi hizo hakuna anayeitania.

Asubuhi moja ya baridi kali, mkulima wa vitunguu saumu kutoka Uiseong, Bwana Seok Du-hyeon, alishuka ngazi amekumbatia furushi, na chembe za chumvi zikiwa begani mwake. Ndani ya furushi mlikuwa na sanda ya mama yake, seti nzima ya nguo za kushonwa ambazo kwetu huvishwa marehemu. Aliinunua hapa hapa sokoni miaka ya nyuma, katika mwezi wa ziada wa kalenda yetu ya kale, mwezi usio na mikosi, kama wafanyavyo watoto wanaotaka wazazi wao waishi sana. Tangu siku hiyo ilikaa sandukuni. Nani atafungua sanda ya mama yake aliye hai?

Sasa mama alikuwa kitandani na daktari alikuwa ameacha kuahidi chochote. Bibi huyo aliomba aone nguo zake. Akapitisha kidole kwenye mshono wa koti la katani, na mwisho wa mshono akakuta fundo. Akapapasa mshono wa pili, fundo tena. Uzi wa sanda haupigwi fundo, ili anayeondoka asifungwe na dunia, wala anaowaacha wasifungwe naye. Akamwambia mwanawe, "Siendi nikiwa nimefungwa," akageukia ukutani. Tangu wakati huo alikataa chakula.

Muuzaji, Bi. Pyo Ok-bun wa ghorofa ya pili, alimtuma Bwana Seok kwa fundi wa kichochoroni. Fundi akasema yeye hushona anachoagizwa. Bwana Seok akampigia simu mfumaji wa Andong, naye akasema aliuza kitambaa, hakuuza mishono, arudi dukani. Aliporudi, Bi. Pyo alikuwa bado hajauza kitu.

"Sanda iliyolala nyumba ya watu hairudi dukani!" alimfokea. "Tena unaniletea kabla sijafungua siku?" Ndipo chumvi ikaruka.

Mbele ya dawati mkulima alianza kwa sauti kubwa, kisha sauti ikamkatika.

"Sitaki kurudishiwa pesa, dada. Sitaki hata kuombwa radhi. Mama yangu ananisubiri."

Dada Tak alimwekea chai, akapanda. Tatizo ni kwamba Bi. Pyo hauzi soksi za kawaida. Anauza soksi za katani, zile anazovishwa marehemu. Dada Tak akaomba jozi moja.

"Za nani?" aliuliza Bi. Pyo.

"Zangu."

"Ah, Dada Tak! Usinitanie na asubuhi yote hii."

"Sitanii. Nifungie vizuri. Siku yako imeshafunguliwa. Sasa mtazame huyo kaka."

Tuliokuwa karibu tuliacha kupanga bidhaa. Dada Tak alikuwa mwanamke mzima wa afya, na mama yake mwenyewe alikuwa bado anatembea. Bi. Pyo alipokea pesa kwa mikono miwili bila kuinua macho. Bwana Seok alipopandishwa, Bi. Pyo aliitandaza ile sanda mkekani na kuipapasa mshono kwa mshono, kama alivyofanya yule mama.

"Imetoka kwangu," alisema mwishowe. "Kurudi hairudi, huo ni mwiko. Lakini hakuna mwiko wa kuifumua."

Akavuta pazia la duka. Sanda ikianzwa lazima imalizwe siku hiyo hiyo, kwa hiyo wanawake wa ghorofa nzima waliacha maduka yao wakaja na sindano. Kila mmoja alichukua uzi wake, na hakuna aliyeupiga fundo. Dada Tak, ambaye hakuwa ameshika sindano kwa miaka, alipewa kola. Bwana Seok aliketi mlangoni na bakuli la supu lililopoa mikononi mwake. Jua lilipoanza kushuka, Bi. Pyo alimwita.

"Papasa, kaka. Mishono yote. Ukimaliza ndipo nifunge."

Baadaye Bwana Seok alitupigia simu. Mama yake alipitisha kidole kutoka begani hadi mwisho wa mkono, akasema, "Haya," akaomba uji. Alifariki wiki ile ile, akazikwa na nguo hizo. Tangu wakati huo, kila mavuno, shada la vitunguu saumu hufika dawatini, nasi sote hugawana.

Tangu siku ile pia, hakuna sanda inayoondoka ghorofa ya pili bila kufunguliwa mbele ya mnunuzi. Wapo wanaonong'ona kwamba kufanya hivyo ni kukiita kifo. Bi. Pyo huwasikiliza kwa adabu, halafu huendelea kufungua. Ghorofa nyingine nazo zimeiga, na watu wanaofika dawatini wamepungua hadi Dada Tak akaanza kulalamika kwamba chai yake inapoa.

Wiki iliyopita, kwenye chakula cha mchana, mtu alimuuliza zile soksi ziko wapi. Zimo sandukuni, alisema, kama Bi. Pyo alivyozifunga. Hajazifungua hata mara moja. Tulicheka, kisha tukaona kwamba yeye hacheki.

"Naogopa," alisema. "Nyinyi hamngeogopa?"

Dada Tak, asante kwa kupanda ngazi na watu ambao sisi tuliwatuma peke yao. Tunakuombea umri mrefu, magoti yasiyouma, na asubuhi nyingi zisizo na mteja. Hizo soksi zisikutane na miguu yako upesi. Lakini dawati ni lako mpaka Ijumaa jioni, na Bi. Pyo anasema sindano yake iko tayari. Ukifika nyumbani leo, lifungue lile furushi la soksi, uipapase mishono.