Mwanga wa Mama Okhui

SEYEONG: Haloo, mama? Mbona simu inakwaruza hivyo?

OKHUI: Upepo wa bandarini. Niko kituo cha basi hapa Masan. Umekula?

SEYEONG: Nimekula. Mama, hospitali wamenipigia. Wiki mbili hujaenda kwenye tiba ya mwanga.

OKHUI: Kazi, mwanangu. Migongo ya watu haijisugui.

SEYEONG: Tulikubaliana—

OKHUI: Mara kumi na nne nimesimama kwenye lile kabati la taa, uchi, na miwani myeusi kama kipofu. Viwiko bado vina magamba. Nimechoka.

SEYEONG: Kumi na nne ni nusu ya safari. Daktari si alikueleza? Askari wa mwili wako wamekosea, wanaipiga ngozi wakidhani ni adui. Mwanga unawaua hao waliochachamaa, polepole, wanabaki wa kutuliza ugomvi.

OKHUI: Wakifa, mafua atayazuia nani?

SEYEONG: Ni wa kwenye ngozi tu. Mwanga haufiki mbali.

OKHUI: Askari wangu wenyewe. Hata mwilini mwangu nimekosa mtu wa upande wangu.

SEYEONG: Kuna nini? Saa nne asubuhi hii, mbona hupo kazini, kwenye bafu la umma?

OKHUI: Unakatika—

SEYEONG: Sikatiki, mama.

OKHUI: ...Mteja aliona mikono yangu. Akauliza kama inaambukiza. Bafu zima likasikia.

SEYEONG: Haiambukizi.

OKHUI: Najua. Mwenye bafu naye anajua. Akaniambia, "Dada, pumzika kidogo." Ndiyo hizo wiki mbili.

SEYEONG: Hukunipigia.

OKHUI: Ungekuja. Na hilo duka la dawa ndiyo kwanza wamekuajiri.

SEYEONG: Sasa ulikuwa unafanya nini?

OKHUI: Napika supu. Namwaga.

SEYEONG: Mama...

OKHUI: Nikirudi, wataanza upya?

SEYEONG: Watapunguza kipimo kidogo, kisha wapandishe tena. Hawarudi sifuri.

OKHUI: Yule muuguzi, Bi Pyo, nikitoka kwenye taa hunipaka mafuta mgongoni. Havai glavu. Miaka ishirini na mitatu nasugua watu, mgongo wangu hakuna aliyewahi—

SEYEONG: Mama? Haloo?

OKHUI: Nipo. Basi hilo.

SEYEONG: Linaenda wapi?

OKHUI: Ngoja, mlango... [kwa mbali] Dereva, unapita hospitali? ...Haya. Sogea basi, baba, nikae. [karibu] Seyeong, nakata. Watu wanasikiliza.