Nukta Iliyomezwa na Mashine

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mwalimu wetu wa usalama wa wagonjwa anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni. Alianza akiwa muuguzi wa wodi ya watoto, kisha akahamia chuoni kuwafundisha madaktari wanafunzi somo ambalo wakati ule lilipewa saa moja kwa muhula na chumba chenye viti kumi na viwili. Leo hakuna anayehitimu hapa bila kulifaulu.

Wanafunzi humwita Mama Rudia, kwa kuwa kwake kila agizo la dawa hurudiwa kwa sauti kabla ya kutekelezwa. Mumewe hulalamika kwamba hata nyumbani hapewi kidonge cha kichwa mpaka ataje jina kamili na tarehe ya kuzaliwa.

Mimi, karani wake, nina langu la kusimulia. Mwaka wangu wa kwanza nilichapa jedwali la vipimo vya dawa za watoto. Ili tarakimu zikae sawasawa, niliongeza nukta na sifuri: 5 ikawa 5.0. Mashine ya fotokopi ikaimeza nukta. Nilipogundua kwamba nakala sitini zinasomeka miligramu 50, wanafunzi walikuwa wameshaingia wodini. Nilisimama mlangoni kwake nikamweleza, barua ya kuacha kazi nimeshaitunga kichwani.

Hakuuliza ni nani aliyekosea. Aliuliza karatasi ziko wapi. Tulipanda ngazi mbio, yeye mbele na magoti yake mabovu, tukazikusanya zote sitini. Hakuna mtoto aliyepewa dawa kwa kipimo kile. Kwenye taarifa ya kosa aliandika jina lake juu ya langu, maana alikuwa amelipitisha jedwali bila kulisoma upya.

Kesho yake aliniomba niwaeleze wanafunzi kwa kinywa changu. Nilipomaliza, msichana wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. Alisema naye aliiona ile 50, ikamshtua, akanyamaza, akidhani kilichopigwa chapa hakikosei. Mama Rudia akavuta kiti, akaketi karibu naye, akamshukuru kama aliyeletewa zawadi. Haya, mwanangu, akasema, sasa ndiyo somo limeanza.

Asante, Mama. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi na wajukuu wasiokuchosha sana. Sisi huku tutaendelea kuogopa, lakini tutasema mapema.