Ndugu Orlin Krehbiel na Pikapu Iliyokunywa Mafuta

Ndugu yetu mpendwa Orlin Krehbiel alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 katika shamba la ngano la wazazi wetu, Menno na Elda, hapa Kaunti ya McPherson, Kansas. Alibatizwa katika kanisa hili hili siku ya Pentekoste mwaka 1963. Mimi Verda, ninayewasomea, ni mdogo wake wa pekee.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja ng'ambo ya kijito, kisha sekondari hadi mwaka 1965. Siku moja mwalimu alimkuta ameifungua saa ya ukutani yote. Orlin akasema, "Ilikuwa inachelewa, mwalimu, na hakuna aliyejua kwa nini."

Kwa kuwa watu wetu hawashiki silaha, alitumikia miaka miwili hospitalini badala ya jeshini. Kuanzia mwaka 1970 hadi 2009 alikuwa fundi katika gereji ya ushirika wa wakulima. Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na LaVeta Stucky, wakajaliwa mtoto mmoja, Loren, na mjukuu mmoja, Janae.

Pikapu yake ya bluu mnaijua. Aliinunua mwaka 1978, na alikuwa amemwahidi Janae kwamba itakuwa yake. Lakini mwaka 2018 ilianza kula mafuta ya injini. Akamwambia Janae, "Sikupi gari nisilolielewa, mjukuu wangu. Likikufia njiani nitajiambia nini?"

Alitandika maboksi chini yake, halikudondoka tone. Alipima mgandamizo wa silinda zote nane, kwanza zikiwa kavu, kisha akitia kijiko cha mafuta katika kila moja. Ringi za pistoni zilikuwa nzima. Alibadilisha mipira ya valvu kwa sababu ya moshi wa bluu asubuhi. Kila kitu alikiandika daftarini. Daftari lenyewe halieleweki: mwezi mmoja pikapu imekula chupa nzima kwa maili mia nne, mwezi unaofuata haikula kitu.

Jumapili moja, wakati wa maombi, alisimama kanisani. "Msinicheke," akasema. "Pikapu yangu inakunywa mafuta, na mimi fundi wa miaka thelathini na tisa sijui yanakwenda wapi. Niombeeni."

Shemeji yake Galen, kaka wa LaVeta, akamjibu kutoka benchi la nyuma: "Tukuombee wewe au pikapu, shemeji? Maana pikapu bado ina matumaini."

Baada ya wiki kadhaa alisimama tena. Mafuta yalikuwa yamepanda juu ya alama ya kijiti cha kupimia. "Nimekuwa kama mjane wa Sarepta," alisema, "chupa yangu haipungui." Watu walicheka, lakini yeye hakuridhika. Alihofia kwamba petroli inavujia kwenye mafuta, na Jumatatu akafungua pampu ya petroli. Ilikuwa nzima.

Mwezi Februari mwaka huu alianza kuishiwa damu. Madaktari walipima, wakapima tena, wasione inakopotelea. "Pole, daktari," aliwaambia. "Nyumbani nina pikapu ya namna hiyo hiyo." Alilala katika Bwana asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 2023, nyumbani kwake, LaVeta akimshika mkono, daftari likiwa juu ya blanketi. Swali lake halikuwa limejibiwa, wala ahadi yake kutimizwa.

Siku ya Jumatano tulikuwa mezani tukila verenika, yale maandazi yetu ya kuchemsha yenye jibini, Galen akavua kofia. "Lazima niseme. Kila Jumapili Orlin akiwa kwenye kwaya, mimi nilikuwa naongeza mafuta kwenye ile pikapu. Niliogopa injini isije ikamfia, ikamvunja moyo."

"Wewe Galen!" LaVeta akashtuka. "Mimi naongeza kila Jumamosi!"

Nami nikasema, kwa sababu uongo mbele ya msiba ni dhambi, kwamba mimi pia nilikuwa naongeza, na chupa yangu nilikuwa naificha kwenye kikapu, chini ya mikate. Sote watatu tulilitii lile neno kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume.

Janae alifunua daftari polepole. "Kwa hiyo babu alikuwa anawapima ninyi?"

Tulicheka, kisha tukalia. Hata leo sijui kama tulimsaidia kaka yangu au tulimnyima jibu. Nimemwuliza Mungu, bado nangoja.

Ameacha mke, LaVeta, mwana, Loren, na mkewe Denise, mjukuu, Janae, dada, mimi Verda, na shemeji, Galen.

Leo pikapu ya bluu ndiyo itakayombeba hadi makaburini, na Janae ataiendesha. Asubuhi amejaza mafuta hadi kwenye alama, akafungua ukurasa mpya. Anasema ataichukua siku atakapoielewa, kama babu alivyotaka. Basi kwa niaba ya familia nawaomba, nikianza na nafsi yangu: mtu yeyote asiongeze mafuta.

Pumzika, kaka, kwake Yeye ambaye hapotewi hata na tone moja.