Marahaba ya Kivukoni

Kwenye kivuko cha kwenda Sengerema, Bibi Suzana alijifanya anatazama maji, lakini masikio yake yote yalikuwa kwa majirani zake wawili wa benchi. Queen, binti aliyeanza juzi juzi mafunzo ya uhudumu wa afya, alikuwa amemvisha mzee asiyemjua mkanda wa kupimia presha, afanye mazoezi. Mchana huo alikuwa na mtihani wa kupima, na alikwisha kuufeli mara moja.

"Baba, ukiongea kipimo kinadanganya. Tulia kidogo tu."

"Nimetulia, mwanangu," alisema Mzee Machibya, akanyoosha mkono vizuri. Abiria mmoja akapita akamwamkia. "Marahaba," akaitikia mzee. "Hamjambo huko? Na ng'ombe je?"

Queen akatoa upepo kwenye mkanda, akaanza upya. "Nimekuomba usiitikie, baba."

"Shikamoo ya mtu niiache hivi hivi? Mwalimu wenu katokea wapi?"

"Nikifeli tena narudishwa nyumbani."

Mzee akafunga mdomo, na Bibi Suzana akaona alivyoubana kwa kumhurumia binti. Basi kijana mwingine alipoinama kumwamkia mzee, bibi akaitikia kwa niaba yake. "Marahaba, mwanangu. Sisi hatujambo."

Kijana akamtazama bibi, akamtazama mzee aliyekaa kimya, akaondoka taratibu.

Queen alikuwa karibu kabisa kupata jibu Machibya aliposhindwa kuvumilia. "Mama, yule ni mkwe wangu. Sasa nyumbani watasikia nimeoa tena."

"Baba, umeongea," alisema Queen, na kivuko kikagusa nchi kavu.