Neno Moja Lililombakia Mama Marceline

Ndugu na majirani mliofika kwenye kilio hiki, mimi ni Exaucée, mke wa Ruben, na familia imenituma nisome maisha ya mama mkwe wangu kwa kuwa ni mimi niliyeishi naye nyumba moja.

Mama Marceline Musonda alizaliwa Kasomeno tarehe 14 Machi 1961, akasoma shule ya msingi huko huko, akaja Lubumbashi mwaka 1978 kujifunza kushona, na kushona ndiko kulikomlisha hadi alipougua. Tarehe 4 Agosti 1984 alifunga ndoa na baba Stanislas, aliyetutangulia mwaka 2009, wakazaa watoto wawili, Léonie na Ruben, wakawalea hapa mjini, mtaa wa Makomeno.

Tangu mwaka 2011, bila mshahara wala cheo, alisimama upande wa watu wasioweza kujitetea, wagonjwa wa akili, wazee, viziwi, na kila mara familia au madaktari walipotaka kuamua juu ya mtu, yeye aliingia kwanza kumwuliza mwenyewe anataka nini, ndipo akaja kulisema jibu hilo mbele ya wote bila kuongeza lake. Watu walimwita avoka wa bule, yaani wakili asiyelipwa, naye akicheka alijibu, "Miye siko avoka, niko na masikio tu." Mashemeji wa Abigaïl, mjane kiziwi wa Luano, walisema amekubali kuhama kiwanja chake, mama akakaa naye siku mbili, wakachorana kwa makaa sakafuni, akatoka na jibu kwamba amekataa, na Abigaïl anaishi pale hadi leo.

Tarehe 9 Novemba 2023 presha ilimwangusha, upande wa kuume ukafa, na katika maneno yake yote likabaki moja tu, "iko". Tarehe 6 Januari 2024 familia ilikutana sebuleni, yeye ameketi kati yetu, kuamua kama apelekwe Kasomeno kwa kaka yake, maana wengine wote wanatoka kazini jioni na mimi nilikuwa na mtoto wa wiki tatu. Kila aliyemgeukia alijibiwa "iko, iko", na sisi tukamalizia wenyewe, iko muzuri, amekubali, ilhali mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima, ulikuwa ukipiga kiti. Mimi niliuona mkono ule, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimechoka, naye akapelekwa Kasomeno.

Tarehe 12 Februari muuguzi wa Kasomeno, Guelor, alimwambia mama amfinye mkono kwa ndiyo na auachilie kwa hapana, akamwuliza kama anataka kubaki huko, mama akauachilia, akamwuliza kama anataka kurudi kwa watoto wake, mama akaufinya hadi muuguzi akaumia. Guelor alitupigia simu siku ile ile, tukamjibu kwamba barabara ni mbaya, tutamfuata mvua zikipungua. Mama alifariki huko huko Kasomeno tarehe 2 Machi 2024, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili atimize miaka sitini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari waliomtibu, muuguzi Guelor, majirani wa Makomeno, washonaji wenzake, na wote aliowasemea ambao wamekuja leo kwa wingi kuliko sisi ndugu zake.

Mama, hatukukuuliza. Pumzika kwa amani, ile ambayo kwetu hukuipata.