Fundi Mkuu na Sentensi Aliyoipigania

Ndugu, jamaa, majirani, mafundi wenzake marehemu na wageni mliokaa viti vya mbele, poleni kwa safari na poleni kwa jua, familia imemteua mdogo wa kiume wa marehemu, ndiye huyu anayesema nanyi, asimame hapa kusoma maisha ya dada yetu, ikamsihi asome taratibu na asipandishe sauti, na hilo la kwanza atajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, wa baba aliyekuwa fundi rangi na mama aliyekuwa akishona magodoro, na mama yetu alikuwa akimwita Hakimu, kwa sababu hakuna ugomvi wa watoto uliopita uani pale bila yeye kuutolea hukumu, tena hukumu zenyewe zilikuwa hazina rufaa.

Alianza shule ya msingi ya mtaani mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya wasichana ng'ambo ya mto mwaka 1975, na Januari 1980 akajiunga na chuo cha ufundi kusomea umeme wa viwandani, akiwa msichana peke yake darasani, katika chuo ambacho upande wa karakana hakikuwa na choo cha wanawake, hivyo kila alipobanwa ilimbidi aende hadi jengo la ofisi, na akirudi anakuta somo limeshasonga mbele. Alivumilia muhula mmoja, wa pili akalisema jambo hilo kwa sauti yake yote mbele ya wakaguzi waliokuja kutembelea chuo, mkuu wa chuo akatamani ardhi ipasuke, lakini choo kikajengwa. Alihitimu Novemba 1982 akiwa wa pili, na mpaka anakata roho alikuwa na hakika kwamba yule wa kwanza alipendelewa.

Tarehe 7 Februari 1983 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, kitengo cha matengenezo, akapanda kutoka fundi msaidizi hadi kuwa fundi mkuu mwaka 2002, cheo alichokishika mpaka alipostaafu. Siku yake ya kwanza kazini, msimamizi wake, mzee mmoja mfupi waliyemwita Babu Volti, alimkabidhi kufuli na ufunguo kabla hajamkabidhi hata bisibisi. Kwa wasioijua kazi hii, fundi akitaka kuingia ndani ya lile pipa kubwa la kukorogea sabuni, lenye mapanga ya chuma yanayozunguka, huzima kwanza swichi kuu, huifunga kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo huutia mfukoni mwake, wakiingia mafundi sita yanafungwa makufuli sita, na mashine haiwashwi mpaka wa mwisho atoke na afungue la kwake. Hakuna cha nifungulie mara moja, hakuna cha nishikie ufunguo, hata mkurugenzi aje analia kwamba oda inachelewa, anasubiri. Dada yetu aliishika desturi hiyo hadi wenzake wakampa jina la Mama Kufuli, na katika miaka yake yote ya ufundi mkuu hakuna mtu aliyeingia ndani ya mashine ya kiwanda kile akatoka amepungua hata ukucha.

Tarehe 20 Septemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu mnayemwona, fundi saa, mtu wa maneno machache, na tuseme ukweli, nyumba ile isingebeba wasemaji wawili. Walijaliwa watoto watatu, binti yao wa kwanza ni muuguzi, wa kati ni dereva wa malori, na kitinda mimba ni mwalimu wa hisabati, nao wamewaletea wajukuu watano. Watoto hawa wamekulia mezani wakisikiliza jinsi pampu ilivyoharibika na nani alijitia kujua, chakula kinapoa, baba yao anatikisa kichwa, na ole wake aliyesinzia.

Sasa tumefika pale ambapo familia ilisema tusome taratibu.

Mwezi Juni 2009, chuo kilekile alichosoma kilimletea kiwandani binti wa mafunzo ya vitendo, mwenye alama za juu na adabu zake, dada yetu akamuuliza kufuli lake liko wapi, binti akajibu kwa unyenyekevu kwamba chuoni kufuli ni moja la karakana nzima, na ufunguo hukaa kwa mwalimu. Hakumgombeza, maana mtoto wa watu alikuwa amefanya vile alivyofundishwa, alitoka mchana uleule na nguo zake za kazi, akaenda hadi chuoni, akamkuta mwalimu wa karakana, mtu muungwana kabisa, ambaye alimwambia wazi kwamba yeye mwenyewe hapendi utaratibu ule, lakini anafundisha kilichoandikwa kwenye viwango vya mafunzo, na viwango huandikwa na bodi ya mafunzo. Dada yetu akamuuliza, bodini kuna nani aliyewahi kuingia ndani ya mashine? Mwalimu akamwandikia anwani ya bodi.

Alipiga hodi kwenye bodi ile kwa karibu miaka miwili, mpaka Mei 2011 akaitwa kwenye kikao cha kuwashirikisha wataalamu wa viwandani. Alivaa gauni lake la kwendea harusi za watu, akaketishwa meza ya nyuma pamoja na fundi mabomba wa hospitali, fundi wa lifti, na mama mmoja mwenye karakana ya majokofu, wakakuta kitabu cha viwango kimeshachapwa, kimeshapigwa jalada la rangi, na ndani yake wao wenyewe wameshashukuriwa kwa mchango wao mkubwa. Jamani! Mtu anashukuriwa kwa maneno ambayo bado yako tumboni mwake! Wakapewa chai na biskuti, wakapewa nafasi ya kutoa maoni wakati watu wameshaanza kukusanya mikoba, kisha wakapangwa kwenye ngazi wapigwe picha, na dada yetu, jambo alilolijutia mpaka mwisho, alitabasamu kwenye picha ile, na picha ile ndiyo ambayo bodi iliitumia miaka yote kuonyesha kwamba viwanda vimeshirikishwa.

Hapo ndipo alipopiga moyo konde. Yeye na wale wenzake watatu wakawa wanakutana Jumamosi kwenye kibanda cha saa cha shemeji, wakabishana, wakaandika, wakafuta, na kila mwezi akawa anakwenda kumsumbua katibu wa bodi, ambaye leo yuko nasi hapa mbele, karibu sana ndugu katibu. Mwaka 2014 rasimu mpya ilitoka, na ndani yake ilikuwemo sentensi waliyoitaka, kwamba kila mwanafunzi anayeingia ndani ya mashine atafunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo utakaa mfukoni mwake. Dada yetu aliisoma sentensi ile mezani kila jioni, hadi shemeji, ambaye hajui umeme hata kidogo, akawa anaitamka usingizini.

Ilibaki kupitishwa tu. Na bodi, kwa hekima zake, ikaitisha kikao cha kupitisha wiki ya tatu ya Desemba 2015. Mafundi mliopo hapa mmeanza kuguna, wengine waelezwe. Wiki hiyo viwanda husimamisha uzalishaji kwa ukarabati mkuu wa mwaka, mashine zote zinafunguliwa, na kila fundi mwenye akili zake yuko ndani ya pipa, ndani ya bomba au juu ya kreni, hana ruhusa, hana likizo, wengine hata simu hawana. Bodi iliichagua wiki hiyo kwa sababu ndiyo likizo ya vyuo na wakufunzi wana nafasi. Hatusemi walikula njama, na afadhali wangekula njama, maana mla njama angalau anamjua anayemkwepa, hawa hawakujua kabisa kwamba wiki hiyo ipo, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza! Kikao kikafanyika, ikaandikwa kwamba wadau wa viwanda hawakutokea na kwa hiyo wameridhia, mtu mmoja akasema makufuli ya kila mwanafunzi ni mzigo kwa vyuo, na pale palipoandikwa kila mwanafunzi pakaandikwa kila kikundi.

Dada yetu alizipata habari hizo akiwa bado na grisi mikononi. Aprili 2016 alikwenda kwenye kikao cha bodi kudai neno lake lirudishwe, akawaambia kwamba kikundi hakina mkono, kikundi hakina shingo, anayekatika ni mtu, na walipomjibu kwamba hoja yake itafanyiwa kazi akatoka na kuubamiza mlango hadi kioo kikapasuka. Hapa familia haitampaka mafuta marehemu, siku ile alikosea, maana alipotoka wakapiga kura bila yeye, neno kikundi likabaki, suala likafungwa kwa miaka mitano, na mwenyewe alikuwa akisema kwamba mlango angeubamiza baada ya kura.

Tarehe 9 Oktoba 2018, katika karakana ya chuo, wanafunzi watano waliingia kusafisha mashine ya kukandia, kufuli likiwa moja, ufunguo ukiwa kwa kiongozi wa kikundi, kiongozi akaona wenzake wametoka, akafungua, akawasha. Mmoja alikuwa hajatoka. Binti huyo wa mwaka wa pili alikatwa mkono wa kulia chini ya kiwiko, na taarifa iliyotolewa baadaye ilisema chanzo ni uzembe wa wanafunzi. Uzembe wa wanafunzi! Watoto walifuata kiwango neno kwa neno, kama walivyofundishwa, wakafaulu kukifuata, na malipo yao yakawa yale. Dada yetu alikuwa akienda wodini kila Jumapili, akikaa pembeni ya kitanda cha binti yule, na maneno aliyomwambia yalikuwa yaleyale kila mara, kwamba atakuja mtu kumshawishi kuwa kosa ni lake, asikubali, hata huyo mtu akiwa ni binti mwenyewe usiku akiwa peke yake. Binti huyo yuko hapa leo, amekaa upande wa mafundi, na ndiko anakostahili kukaa.

Marehemu alistaafu tarehe 14 Machi 2021. Januari mwaka uliofuata alianza kukohoa na kuishiwa pumzi, akapelekwa hospitali ya rufaa, madaktari wakaona mapafu yake yamepata makovu yasiyoponyeka, akaruhusiwa kurudi nyumbani na mtungi wa oksijeni, akawa halali mpaka aegemezwe kwa mito, na ukali wake haukupungua, tena aliukosoa mtungi wenyewe, akisema vali yake imefungwa na mtu mwenye haraka zake.

Desemba 2022 bodi iliitisha kikao cha kuvipitia upya viwango, na iliitisha lini? Wiki ya ukarabati! Safari hii dada yetu akacheka hadi tukaogopa, akasema kwamba sasa yeye ni mstaafu, hana pipa la kuingia, atakwenda. Alikwenda, binti yake muuguzi anasukuma kiti cha magurudumu, mwanawe dereva amebeba mtungi begani, akaingizwa ukumbini akiwa mtu pekee wa viwandani, akasubiri asubuhi nzima zamu yake ifike, na ilipofika, mwenyekiti akasema kwa upole mwingi kwamba akidi ya wataalamu wa viwanda haikutimia, mtu mmoja hatoshi, hoja yake isogezwe kikao kijacho. Hakubamiza kitu. Alivua kinyago cha oksijeni, akaisema sentensi yake yote, taratibu, mwanzo hadi mwisho, akakivaa tena, akaomba arudishwe nyumbani. Mwandishi wa kikao hakuiandika, kwa kuwa haikuwa kwenye ajenda.

Alifariki tarehe 3 Februari 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono.

Juzi ndugu katibu alikuja msibani, akatupa pole na tukaipokea, kisha akaomba mambo mawili, kwamba historia hii itaje jinsi marehemu alivyoshirikishwa kikamilifu katika kuandaa viwango vya mafunzo, na kwamba bodi ingependa kuupa ukumbi wake wa mikutano jina la dada yetu. Familia ilikaa, kila mtu akasema lake, na mwisho tukamtazama shemeji, naye akasema kwamba ukumbi ule anaujua, ndimo mkewe alimovua kinyago, wauache uitwe wanavyouita, yeye anaomba wabadilishe neno moja tu, waondoe kikundi, warudishe mwanafunzi. Hilo ndilo jibu letu, ndugu katibu, tumelisoma mbele ya watu wote hawa ili safari hii lisikosekane kwenye kumbukumbu, na kikao kikiitishwa mwezi wowote usio Desemba, mafundi hawa waliojaa uwanja huu watakuja, akidi itatimia hadi viti viwaishie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, ambao walimvumilia mgonjwa asiyevumilika, inawashukuru majirani waliotuletea viti, maji na mabega yao, uongozi na wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, mwalimu wa karakana ambaye tangu ajali ile amekuwa akiwapa wanafunzi wake makufuli kinyume cha kitabu, na wale watatu wa Jumamosi waliokuwa wenzake dada yetu. Bodi ya mafunzo tutaishukuru itakapofanya jambo la kushukuriwa.

Dada, umesema ulichokuwa nacho na tumekisikia. Sasa pumzika, ukae kwa utulivu ambao hukuwahi kuutaka ulipokuwa hai, deni la kusema limebaki kwetu.