Alama Nyekundu ya Fundi Jamaldini

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Fundi Jamaldini Makame wa hapa Dodoma mjini, fundi wa redio na amplifaya. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Biashara ilipofunguliwa na vyombo vya muziki kumiminika kutoka nje, watu walinunua amplifaya huku na spika kule, bila kuuliza kama vinapatana. Fundi Jamaldini aliuliza. Mteja mmoja alimtania, "Fundi, unafunga spika au unaozesha binti?"

"Naozesha, bwana. Na mchumba uliyemleta hana nguvu."

Alifundisha jambo moja, nami nalirudia. Watu huogopa amplifaya kubwa, wasijue kwamba hata ndogo huunguza. Ikilazimishwa kupita uwezo wake, sauti hupasuka na kukwaruza, na mkwaruzo huo huziunguza spika ndogo zinazotoa sauti nyembamba. Kwa hiyo alikuwa akiongeza sauti taratibu, akisikiliza mkwaruzo unapoanzia, kisha akiweka alama kwa rangi nyekundu ya kucha ya mkewe, Bi Rukaya. Hapo hapavukwi.

Lakini masikio yake yalianza kumtupa mkono. Bi Rukaya anasimulia: "Sauti nyembamba hakuzisikia tena. Nilikaa naye nikimwambia, hapo inakwaruza. Mbele ya wateja alinikataza. Aliona haya."

Mwaka 1993 alikuja mjane, Mama Emiliana, kutoka Mpwapwa. Marehemu mumewe, Mazengo, alikuwa mwimbaji wa kwaya, na sauti yake ilibaki kwenye kaseti. Mama Emiliana alitaka isikike siku ya kumaliza matanga. Zaidi ya wote, alitaka isikiwe na mama mkwe wake, Bibi Zipora, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuzimika. Spika zake zilikuwa za wati mia. Amplifaya ilikuwa ya wati thelathini.

Duka lilijaa watu siku hiyo. Fundi alipima peke yake. Hakumwita Bi Rukaya. Akaweka alama.

Huko Mpwapwa, kitufe cha sauti alikishika Kefa, mdogo wake Mazengo. Alikizungusha hadi kwenye alama, akaishia hapo. Wimbo wa kwanza haukwisha. Spika ndogo ziliungua, sauti ikawa nzito, kama ya mtu aliyefunikwa blanketi.

Bibi Zipora akauliza, "Huyu nani? Huyu si mwanangu."

Watu wakamgeukia Kefa. Akaapa, "Mama, sikuvuka alama." Nani angemwamini, mbele ya alama ya Fundi Jamaldini?

Habari zilifika Dodoma. Fundi alijua kosa ni la nani. Bi Rukaya alimwambia, "Baba Salwa, nenda ukaseme." Akajibu, "Nitakwenda." Wasikilizaji wapendwa, alikaa wiki tatu.

Alipokwenda, alibeba spika mpya na amplifaya iliyozitosha. Akakuta kaburi bichi. Bibi Zipora alikuwa amezikwa siku nne kabla. Alikufa bila kuisikia sauti ya Mazengo, na bila kusema na Kefa tangu siku ile.

Fundi alisimama uani, mbele ya ukoo wote, akasema, "Sisikii vizuri. Nilificha. Kefa hana kosa." Kisha akapiga magoti mbele ya mtu aliye mdogo kwake kwa miaka ishirini.

Tangu hapo hakupima chombo bila Bi Rukaya kando yake, na kila mteja alimwambia, "Huyu ndiye masikio yangu."

Tulimuuliza Kefa kama alimsamehe. Alisema, "Fundi nilimsamehe siku ileile. Lakini alikuja kunitetea kwa mama, akakuta mama hayupo."

Bi Rukaya, binti yetu Salwa, na ukoo wote wa Makame, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nawe Kefa, pole. Pole hii imechelewa.

Wasikilizaji wapendwa, huenda kuna mtu leo amebeba lawama iliyo yako. Usingoje kesho. Inuka sasa, ukaseme, wakati yule anayepaswa kusikia bado yuko.